"Ward" ni wodi, ni mtoto au ni mlinzi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno moja la Kiingereza

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu aliletewa barua ya Kiingereza kutoka shule ya bweni anakosoma mjukuu wake. Mstari wa kwanza ulikuwa na maneno "your ward". Kiingereza cha shangazi ni cha kuokoteza, lakini hilo neno alilijua: wodi. Akaepua maharage, akajitanda khanga, akapanda bodaboda hadi hospitali ya mkoa kumtafuta mtoto aliyelazwa. Alizunguka wodi tatu. Mtoto hakuwa amelazwa popote; alikuwa darasani, mzima wa afya, ila anadaiwa ada.

Mimi riziki yangu ni kutafsiri hati: barua za shule, vyeti, makaratasi ya mahakama. Tangu kisa kile kisambae kwenye ukoo, maswali kuhusu neno hili hayaishi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara, pamoja na mengine niliyojiuliza mwenyewe usiku nikiwa na kamusi.

Neno "ward" lina maana ngapi?

Zinazomkuta msomaji wa kawaida ni nne. Kuna wodi ya hospitali, ambayo haina haja ya maelezo. Kuna eneo la uchaguzi ndani ya mji au wilaya, ambalo Wakenya huliita wadi na Watanzania kata. Kuna ile iliyomkimbiza shangazi: mtoto, au mtu mzima asiyeweza kujisimamia, aliyewekwa mikononi mwa mlezi. Barua za shule hulipenda neno hili kwa sababu mwandishi hajui kama atakayeisoma ni baba, bibi au kaka mkubwa. Halafu kuna kitenzi kinachotembea na "off": "to ward off" ni kukinga jambo lisikufikie, kuanzia ngumi na mbu hadi husuda. Anayeizindika nyumba yake, kwa Kiingereza ndicho anachofanya.

Zaidi ya hizo, "ward" ni sehemu fulani ndani ya kufuli, na katika maandishi ya zamani ni ulinzi wenyewe. Wodi, kata, mtoto, kufuli: ukizitazama hivi, utadhani neno hili lilizoa kila lililokutana nalo njiani.

Lilianzia wapi?

Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani, watu wa Ufaransa ya kaskazini, kuivamia Uingereza mwaka 1066, liliandikwa "weard". Lilikuwa na sura mbili: mlinzi, na ulinzi anaoufanya. Limo katika mojawapo ya mashairi ya kale kuliko yote yaliyobaki ya Kiingereza, utenzi mfupi wa kumsifu Mungu unaohusishwa na Cædmon, mchungaji wa ng'ombe wa karne ya 7. Humo Mungu anaitwa "weard" wa ufalme wa mbinguni.

Mfano ninaoupenda zaidi umo katika utenzi wa Beowulf, hadithi ndefu ya kishujaa ya Kiingereza cha kale. Shujaa anawasili na jahazi lake pwani ya Wadenishi, na wa kwanza kutokea ni "weard" wa pwani, mtu aliyepewa kazi ya kuchunga majabali ya bahari. Kitenzi anachopewa kwanza si kupigana wala kuzuia. Ni kuona. Amekaa juu, anaona ngao zinavyometameta zikiteremshwa ufukweni, ndipo anapanda farasi kwenda kuuliza hawa ni akina nani. Kwetu huyo tungemweka kwenye dungu, kama mlinda ndege katika shamba la mpunga: kazi yake ya kwanza ni macho, kombeo hufuata.

Kwa hiyo maana ya asili ni kulinda au kuona?

Kuona, na hapa ndipo nilipolipenda neno hili. Wataalamu wa lugha wanaolinganisha Kiingereza, Kigiriki, Kilatini na ndugu zao wamelikisia shina la zamani sana wanaloliandika *wer-. Nyota ya mbele ni ishara kwamba halijapata kuonekana limeandikwa popote. Limejengwa upya kwa kulinganisha watoto wake. Maana yake ilikuwa kuwa macho, kutazama kwa hadhari.

Watoto hao wametapakaa. Kwa Kiingereza ni "aware", anayejua kinachoendelea, "wary", mwenye hadhari, na "beware", lile la kwenye mageti ambalo sisi huliandika "Mbwa mkali" na kumalizia kwa picha ya jibwa lenye meno. Kwa Kigiriki shina hilo lilizaa kitenzi cha kuona, na kutokana nacho tukapata panorama, mandhari inayoonekana yote kwa mtazamo mmoja. Kwa Kilatini lilizaa kitenzi cha kucha na kuheshimu, na humo ndimo alimotoka "Reverend". Sisi cheo hicho tumekiita Mchungaji, mtu wa kulinda kundi. Waliotafsiri hawakuwa wakiwaza shina la kale hata kidogo, lakini wamelirudisha neno karibu kabisa na nyumbani kwao.

Wala msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa kwamba kutazama kunaweza kugeuka kulinda. Jirani akikwambia "niangalizie mtoto, natoka mara moja", ukimkodolea macho mtoto hadi atumbukie kisimani utakuwa hukuelewa ulichoagizwa.

Wajerumani nao wameliacha lao likaelekea kwingine. "Warten", ndugu wa damu wa "ward", leo kwao ni kungoja. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mngoja mlango, lile jina la zamani la bawabu.

Nimesikia "ward" na "guard" ni neno moja. Ni kweli?

Ni kweli. Ni neno moja lililoingia Uingereza kwa milango miwili, na la pili lilipofika lilikuwa limebadilishwa nguo hata ndugu yake asilitambue.

Wa kwanza, "ward", alikuwapo tangu Waingereza walipovuka bahari kutoka upande wa Ujerumani na Denmark. Wa pili alipitia Ufaransa. Dola ya Rumi ya magharibi ilipoanguka katika karne ya 5, nchi ile ilitawaliwa na Wafaranki, watu wa lugha ya Kijerumani cha kale, ambao ndio walioiachia jina la Ufaransa. Walikuwa na kitenzi chao cha kulinda kilichoanza na sauti ya w. Raia wao walisema Kilatini cha mitaani, na kufikia wakati huo ulimi wao ulikuwa umeshaipoteza w ya mwanzo wa neno. Walipotaka kuitamka wakajikuta wanaitanguliza g: gw. Ni kama sisi tulivyomchukua "driver" tukamtia irabu hadi akawa dereva. Ulimi hupokea mgeni kwa masharti yake. Baadaye katika Kifaransa w ile ikafifia, ikabaki g peke yake. Herufi u unayoiona ndani ya "guard" bila kuisikia ni kaburi la w hiyo.

Lakini Ufaransa ya kaskazini, Normandy na Picardy, haikufuata mkumbo. Huko w ilibaki w. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na maneno yao ya w, kisha karne zilizofuata Kifaransa cha Paris kikaja na yale yale yakiwa na g. Waingereza, badala ya kuchagua moja, wakaweka yote mawili na kuyagawia kazi. "Warden" na "guardian" ni mtu mmoja. "Reward" na "regard" ni kitu kimoja. Ndiyo maana pia Wiliamu wa Mbeya na Guillaume wa Lubumbashi wana jina lile lile: mmoja alibatizwa kwa Kiingereza, mwenzake kwa Kifaransa.

Lugha nyingine za Ulaya zinalitumiaje?

Waitaliano wanasema "guardare" na maana yake ya kila siku ni kutazama tu, kama kutazama televisheni. Wafaransa wameligawa: "garder" ni kutunza, "regarder" ni kutazama. Wahispania wamekwenda upande wa kuweka na kutunza, na ukiifungua programu ya kompyuta kwa Kihispania, kitufe cha kuhifadhi kazi yako kimeandikwa "Guardar". Kwenye Kiswahili kitufe hicho hicho kimeandikwa Hifadhi, neno tulilolitoa kwenye Kiarabu, ambalo ndilo la hifadhi ya wanyama, la hifadhi ya jamii, na jamaa wa hafidhi aliyeibeba Kurani yote kifuani. Watu wawili wasiojuana, mmoja Madrid na mmoja Morogoro, wanabonyeza ulinzi ili barua isipotee.

Wareno wao mwavuli wanauita "guarda-chuva", mlinda mvua. Sisi mwavuli wetu umekaa upande wa kivuli. Nadhani kila mtu alitaja kilichokuwa kinamsumbua.

Inakuwaje neno moja liwe mlinzi na mlindwa?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Kiswahili hakina tatizo hili. Anayelinda ni mlinzi, anayelindwa ni mlindwa. Kiambishi kimoja cha kutendwa kinamaliza ubishi. Kiingereza kilikuwa na "ward" kwa maana ya mlinzi na "ward" kwa maana ya ulinzi. Mtoto aliyekuwa ndani ya ulinzi alisemwa yu "in ward", na baada ya muda watu wakamwita yeye mwenyewe "ward". Jina la hali likawa jina la mtu. Kisha "guardian", aliyekuja na meli kutoka Ufaransa, akachukua nafasi ya mlinzi. Leo sheria husema "guardian" anamlea "ward", na wanaoandika hivyo wengi hawana habari kwamba wametaja neno moja mara mbili.

Ila kilichokuwa nyuma ya maneno hayo hakikuwa kitamu kama kinavyosikika. Katika Uingereza ya enzi za kati, mtu aliyepewa ardhi kwa sharti la kumpigania bwana wake akifa na kuacha mrithi mdogo, bwana ndiye aliyemchukua mtoto na ardhi yake. Alikula mapato ya shamba mpaka kijana afikishe miaka 21, na alikuwa na haki ya kumchagulia mke. Haki hiyo iliuzika. Ungeweza kumnunua yatima mwenye ardhi nzuri, ukavuna mashamba yake kwa miaka kumi, kisha ukamwoza binti yako mali ibaki kwenu. Wote hao waliitwa walinzi.

Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Magna Carta ya mwaka 1215, hati ya haki ambayo mfalme wa Uingereza alibanwa aikubali, iliyagusa mapema kabisa, katika vifungu vya mwanzo. Kifungu cha 4 kinamtaka mlinzi wa ardhi ya mtoto achukue mapato ya kadiri, bila kuharibu watu wala mali. Cha 5 kinamtaka atunze nyumba, mabwawa ya samaki na vinu vya kusagia, ili mtoto akikua akute kitu. Mtu hakatazi jambo ambalo halifanyiki.

Wafalme hawakuacha. Mwaka 1540, chini ya Henry VIII, biashara hiyo ilipewa mahakama yake rasmi, Mahakama ya "wards", iliyojaza hazina ya mfalme kwa miaka mia moja hivi. William Cecil, waziri mkuu wa mambo yote wa malkia Elizabeth I, aliisimamia tangu 1561 mpaka alipofariki mwaka 1598. Bunge liliifuta mwaka 1646 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ufalme uliporudi mwaka 1660 sheria ikathibitisha kwamba imekufa kweli.

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi anajua kwa nini nimeliganda swali hili. Shamba la yatima lina walinzi wengi kuliko la mwenye baba.

Wodi ya hospitali iliingiaje humo?

Kwa njia ya mahali. Neno la ulinzi lilihamia kwenye sehemu inayolindwa: uwanja wa ndani wa ngome uliitwa "ward", chumba cha gereza kikaitwa hivyo, na katika karne ya 18 tunaiona hospitali nayo ikigawanywa kwa "ward". Wazo ni sehemu iliyotengwa, yenye mtu wa kuisimamia. Kwa hiyo wodi ya wazazi kwa asili yake ni mahali penye macho ya mtu usiku kucha, na kama muuguzi wa zamu amesinzia, basi ni jengo tu.

Na wadi ya uchaguzi?

Hiyo ilianzia kwenye doria. Miji ya Uingereza iligawanywa katika sehemu, kila sehemu ikitoa watu wake wa kulinda. Mji wa kale wa London, ule wa katikati, hadi leo una "ward" 25, na kila moja ina mzee wake wa baraza.

Mfalme Edward I alitoa sheria mwaka 1285 kule Winchester: malango ya miji yafungwe jua likizama hadi lichomoze, na kila lango la jiji likeshewe na watu sita katika miezi ya kiangazi. Mgeni akipita usiku azuiwe mpaka asubuhi. Kutokana na utaratibu huo Waingereza walipata msemo "watch and ward", na wanasheria wa baadaye waliutenganisha hivi: "watch" ni zamu ya usiku, "ward" ya mchana. Aliyewahi kutolewa nyumbani kwa ajili ya sungusungu au ulinzi shirikishi ataona kwamba hakuna jipya hapo isipokuwa baridi.

Kutoka doria, mgawanyo ule ukatumika kuchagua wawakilishi, na Kenya ikaurithi kwa njia ya ukoloni. Tangu uchaguzi wa 2013 nchi hiyo ina wadi 1,450, kila moja na mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Tanzania ilibaki na kata, na mwakilishi wake ni diwani, ambaye jina lake limetoka Uajemi kwa kupitia kwa Waarabu na halihusiani kabisa na habari hii.

Ni kweli "lord" maana yake ni mlinzi wa mkate?

Kweli tupu. Kiingereza cha kale kilikuwa na "hlafweard": "hlaf" ni mkate, lile lililokuja kuwa "loaf", na "weard" tumeshamjua. Likatamkwa haraka haraka kwa karne kadhaa, likasagika hadi "lord". Mkewe alikuwa "hlæfdige", mkanda unga, ambaye leo ni "lady". Na mtumishi wa nyumba aliitwa "hlafæta", mla mkate.

Ukoo mzima wa heshima, basi, ulipangwa kuzunguka mkate: mmoja anaulinda, mmoja anaukanda, wengine wanaula. Mkono mtupu haulambwi. Wanaokaa katika baraza la juu la bunge la London wamebeba jina la mwenye funguo za ghala.

Je, yapo majina ya watu yenye neno hili?

Edward ni la kwanza: "ead" ni neema au utajiri, kwa hiyo Edward ni mlinzi wa neema. Tanzania imekuwa na mawaziri wakuu wawili wa jina hilo, Edward Sokoine na Edward Lowassa. Mfalme Edward I wa ile sheria ya kulinda malango naye alikuwa na ulinzi ndani ya jina lake.

Stewart, au Stuart, ni cheo kilichogeuka jina. "Stigweard" alikuwa mlinzi wa jumba, msimamizi wa nyumba ya mkubwa. Huko Scotland cheo hicho kilirithiwa ndani ya ukoo mmoja hadi ukoo wenyewe ukaitwa hivyo, na mwaka 1371 mmoja wao akawa mfalme, Robert II. Mwaka 1603 wajukuu wakachukua na kiti cha Uingereza. Msimamizi wa nyumba akaishia kuwa mwenye nyumba.

Neno hilo hilo, "steward", ndilo ambalo Biblia ya Kiswahili inalitolea wakili: "Toa hesabu ya uwakili wako." Woodward alikuwa mlinzi wa msitu, bwana misitu kwa lugha ya leo, na Hayward mlinzi wa uzio, wa kuzuia mifugo isiingie mashambani.

"Wardrobe" nayo?

Nayo. Ni "mlinda nguo", kwa Kifaransa cha kaskazini. Zamani haikuwa kabati bali chumba kizima, na katika jumba la mfalme wa Uingereza chumba hicho kilitunza nguo, vito, kisha fedha, mpaka karne ya 13 kikawa idara ya kugharimia vita. Wakati huo Wafaransa walilitumia lao la g, "garde-robe", na likaja kuwa pia jina la adabu la choo cha ngome. Kila lugha ina namna yake ya kusema "naenda kujisaidia".

Zawadi inahusianaje na ulinzi, hadi "reward" na "award" ziwemo?

Kwa kutazama. "Reward" ni pacha wa "regard": kumtazama mtu tena, kumjali, na kumjali kukazaa malipo. "Award" ilikuwa kazi ya mwamuzi: kuliangalia jambo kwa makini, kisha kuamua nani apewe nini. Mahakama za usuluhishi bado huliita hivyo agizo lao la mwisho, na hapo kulitafsiri "zawadi" ni kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi. Ni tuzo ya usuluhishi, na anayeitoa mfukoni huwa hacheki.

Ni maneno gani yanafanana nalo lakini si ndugu?

Fowadi wa timu yako si ndugu. "-Ward" ya "forward", "backward" na "toward" inatokana na shina la kugeuka, kuelekea. "Coward", mwoga, anatokana na neno la Kifaransa cha kale la mkia, pengine kwa mnyama anayeubana katikati ya miguu. "Garden" inafanana na "guard" kwa macho tu. Ni ndugu wa "yard", na asili yake ni uzio.

"War" ilibadilisha g na w kama wenzake, Wafaransa wakisema "guerre", lakini shina lake ni la vurugu.

Linalowachanganya watu zaidi ni waranti na garantii, kwa kuwa duka la simu hukupa yote mawili kwa maneno na hakuna hata moja ukirudi na simu. Hayo ni pacha yenyewe kwa yenyewe, w ya kaskazini na g ya Paris, ila hayakuzaliwa na "ward". Shina lake lilihusu kufunika na kukinga, na humo ndimo ilimotoka hata gereji, mahali pa kusitiri gari. Ni majirani wa karibu, wanaazimana chumvi, lakini hawarithiani.

"Watchman" ana tofauti gani na "guard"?

"Watch" ni ndugu wa "wake", kuwa macho usiku. Yule ni mkeshaji. Mitaa ya Nairobi ina soja, aliyetoka kwa "soldier", na askari, aliyetoka Uarabuni. Ila wote wanalala saa tisa.

Kufuli lina "ward" ya nini?

Ni vibamba vilivyosimama ndani ya tundu la kufuli la kizamani. Ufunguo wenye meno yaliyochongwa sawasawa hupita kati yake. Usio wake hukwama. Mlinzi wa chuma, asiyepokea rushwa. Mafundi wezi walijifunza mapema kuchonga ufunguo mwembamba unaovikwepa vyote, kwa hiyo kufuli za aina hiyo leo ni za kufungia sanduku la vitabu.

Kiswahili kimelichukua neno hili mara ngapi?

Kwa hesabu yangu angalau mara nne, bila kujua kwamba ni lile lile. Kwa mlango wa w tulipata wodi ya wagonjwa na wadi ya wapiga kura. Kwa mlango wa g tulipata gadi, ulinzi wa zamu. Na baiskeli zilipokuja tukapata madigadi, "mudguard", bamba la kukinga matope yasimrukie mpanda baiskeli mgongoni. Weka kando Beowulf na majabali yake: mlinzi yule wa pwani yuko hai juu ya gurudumu la nyuma la baiskeli ya muuza samaki, amepakwa rangi, mara nyingine ameandikwa "Mungu ni mwema".

Nikikutana na "ward" kwenye hati, nitafsirije?

Angalia nani anamwandikia nani. Hati ya hospitali: wodi. Ya uchaguzi: kata au wadi, kulingana na nchi, na usimwandikie Mtanzania wadi. Ya mahakama: mtoto aliye chini ya ulezi, au chini ya uangalizi wa mahakama ikiwa ndiyo inayomshikilia. "Guardian" ni mlezi katika fomu nyingi. Lakini katika mambo ya ndoa ya Kiislamu ni walii, na yule aliyeachiwa wosia awaangalie mayatima na mali yao ni wasii. Ukiwachanganya hao watatu mbele ya kadhi utarudishiwa karatasi zako.

Ya shule, andika tu "mtoto unayemlea". Barua ya shangazi ingetosha kuwa na mstari mmoja: "Mtoto unayemlea hajamaliza ada ya muhula huu." Nilimsomea hivyo. Akaikunja, akaitia kwenye pindo la khanga, akaniuliza kama maharage yale bado yanaweza kurudishwa jikoni.